Mkamwana Aliyekula Muziro

Vijana wanafika hapa kibanjani kwangu, wengine kutoka Bukoba mjini, wengine mbali zaidi, wanamuulizia mjukuu wangu mchora katuni. Nikiwaambia yuko mjini kazini, hawaondoki. Wanakaa, wananitazama, wanataka niwaeleze alianzaje. Kwenye simu zao wamesoma kwamba alianza kwa kipaji. Mimi nawaambia alianza kwa mashine mbovu na sindano ya kushonea mikeka, na kwamba samaki mmoja nusura ammalize.

Nilikuwapo. Kila aliyekuwapo namjua kwa jina lake, la baba yake na la ukoo wake, maana shule niliishia darasa la nne, kichwa kikabaki na nafasi kubwa ya majina ya watu. Hapa sitayaandika. Wenyewe wapo, na sokoni tunakutana.

Mjukuu wangu huyo, binti, alirudi nyumbani na matokeo ya kidato cha sita ambayo hayakuwa mabaya, lakini hayakumfikisha chuo kikuu. Baba yake, mwanangu wa kuzaa, alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi ya chuo cha ualimu Mwanza. Binti akasema hataki. Baba akamuuliza anataka nini. Akatoa karatasi kwenye mfuko, akazitandaza juu ya mkeka wangu hapo sebuleni. Mwanangu akazitazama akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayekagua migomba ya jirani.

"Hizi ni katuni," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Za watoto."

"Za watu wazima. Wapo watu wazima wanaosoma, Tata."

"Nitajie mmoja."

Nikajibu mimi. "Mama yako."

"Mama, wewe hata gazeti husomi."

"Gazeti halina mkamwana kama huyu."

Sikuwa natania. Hadithi yake ilikuwa ya mke aliyeolewa kwenye nyumba ya watu wachoyo, na kila walipomtega yeye akawatega wao. Jina hakumpa, watu wakamwita tu Mkamwana. Pua yake ilikuwa pua yangu. Siku ya kufika ukweni wanamuuliza, kama tunavyoulizana sisi Wahaya kabla hata mgeni hajakalia kiti, wewe ni wa ukoo gani, naye kwenye lile duara la maneno juu ya kichwa anataja ukoo wangu, ule niliozaliwa, kule Muleba. Nilipoona hivyo nikajua huyu mtoto ananichora mimi. Nikavimba kichwa, sikatai.

Mwanangu ni mtu wa haki, ila haki yake ina makona. Akatoa hukumu. "Nakupa mpaka tumalize kuanika kahawa. Na mjini usiniambie. Mjini watu hununua chochote. Wajomba zangu wa Muleba wakisoma, nitanyamaza. Wasiposoma, unakwenda Mwanza."

Mtu na wajomba zake. Wanangu wote ni hivyo, neno la mjomba linazidi la padri.

Basi tukaanza. Kopi tulitoa Miembeni, kwenye duka la steshenari la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa mjini, mpole, aliyeniamkia "shikamoo" ingawa sidhani kama nilimzidi hata mvua moja. Mashine yake ilikuwa na kilema. Kila ukurasa uliotoka ulikuwa na mstari mweusi upande wa kulia, kutoka juu mpaka chini, kama mtu aliyepitisha mkaa. Mzee akasema ni ngoma ya mashine, ile roli inayobeba wino, amekwisha kuagiza nyingine, haijafika.

Mtu mwingine angetafuta duka jingine. Mjukuu wangu alizichukua zile karatasi nyumbani, akakaa nazo siku nzima, halafu akaanza kuchora upya. Kila ukurasa akaupanga ili mstari uangukie mahali pake. Hapa ukawa mwimo wa mlango. Pale ukawa mgomba. Kwenye ukurasa wa ugomvi ukawa mpaka kati ya mke na mawifi. Zilipotoka tena, ungeapa kwamba mashine ilikuwa nzima na kwamba mchoraji alipenda kuweka kitu cheusi kulia. Wasomaji wa kwanza walidhani ni mtindo. Yuko kijana aliyemwiga.

Kisha ikaja shida ya kufunga. Karatasi ukizikunja katikati kuwa kijitabu, stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, mdomo wake ni mfupi. Mzee wa steshenari alijaribu kuipindua, pini zikapinda. Binti akataka kubandika kwa gundi, kurasa zikashikana kama vitumbua. Nikamwambia lete hapa. Nimeshona mikeka tangu kabla ya kuolewa, mkunjo wa karatasi ni kitu gani. Nikachukua sindano yangu ya mikeka na uzi wa mgomba, ule mlaini wa ndani, nikapitisha matundu matatu, fundo likabaki nje mgongoni. Vikapendeza. Wanawake wa saluni walikuwa wanalipapasa lile fundo kabla ya kufungua.

Saluni ndiko alikouzia, akili yake mwenyewe hiyo. Mwanamke anayesukwa nywele hana pa kukimbia. Unamwekea kijitabu mapajani, akifika katikati nywele hazijaisha, akifika mwisho anauliza cha pili kinatoka lini. Mjini Bukoba cha kwanza kiliisha. Mwanangu alipoambiwa akasema, "Nilisema Muleba."

Muleba ninaye mtoto wa kaka yangu anayeuza vitenge sokoni, mwanamke mwenye sauti. Kwa simu alikubali kuweka vijitabu mezani pake, katikati ya vitenge. Cha kwanza alikiuza vizuri kwa sababu moja tu, alikuwa anamwambia kila anayepita, "Huyu mkamwana ni wa kwetu, soma ukoo wake hapo." Watu wa ukoo wetu ni wengi kule. Wakawa wanamnunua kama mtu anayemchangia ndugu.

Cha pili tukakitoa Miembeni kama kawaida, tukauza mjini, hakuna aliyesema neno. Halafu tukarudi kutoa kopi za Muleba, tukamkuta mzee anatabasamu. Ngoma mpya ya mashine imefika. Kurasa zikatoka safi, nyeupe, bila mstari. Mjukuu wangu alicheka, akasema sasa migomba yangu itasimama bila kusaidiwa. Nikavishona bila kuzitazama tena picha, tukavituma kwa gari.

Haikupita wiki simu ikalia.

"Shangazi, njoo uchukue makaratasi yenu."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mkamwana wenu amekula mamba."

Wasio wa kwetu niwaeleze. Mamba huyu si yule wa meno. Ni samaki wa matopeni, mrefu, wengine humwita kamongo. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawali, iwe mnyama, samaki au mmea. Ukila muziro wako umemla ndugu yako, na ngozi itakutoa mapele watu wajue. Muziro wa ukoo wangu ni huyo mamba. Na Mkamwana, aliyetaja ukoo wangu kwenye kijitabu cha kwanza mbele ya Muleba nzima, kwenye kijitabu cha pili amekaa na sahani, kichwa cha mamba kimebaki peke yake, naye analamba vidole.

Nilimwita binti. Nikamuuliza alichora nini.

"Samaki, Bibi."

"Samaki gani?"

"Mamba. Nilitaka samaki mrefu. Sato anaishia kisanduku kimoja. Mamba nilimpitisha visanduku vitatu, mkia huku, kichwa kule. Na nilimlaza kulia, kwenye ule mstari wa mashine, ili uwe mgongo wake."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mjini hawakusema neno. Ule mstari ulimmeza samaki mzima. Mimi mwenyewe wakati wa kushona vya mjini niliona kitu cheusi mkononi mwa Mkamwana, nikajua ni kamba ya ng'ombe. Lakini kurasa za Muleba zilitoka safi, na mamba akatoka na vijinyuzi vyake vyote vinavyokaa mahali pa mapezi.

"Hujui kwamba mimi simli?"

"Kila siku ya mamba unasema umeshiba."

"Na wewe ukaamini."

"Nilidhani huwezi miiba, Bibi. Sisi wote tunakula."

Ni kweli, wanakula. Wao ni wa ukoo wa babu yao, muziro wao ni mwingine kabisa. Mimi niliolewa kwenye nyumba ya walaji wa mamba, na mkamwana mwenye adabu hasemi "chakula chenu ni ndugu yangu". Anasema ameshiba.

Baba yake aliposikia hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, "Ukoo wa wajomba umesema," akaenda kugeuza kahawa. Ilikuwa imebaki mikeka michache tu ya kuanika.

Binti akaniambia asubuhi yake kwamba anaanza kufunga mizigo. Nikamwambia utafunga ukitoka Muleba, sasa vaa viatu.

Tukapanda gari la Muleba. Tulipopita Kemondo binti aliangalia ziwa, nami nikaangalia wanawake wa samaki, nikamwonyesha kwa kidole kila nilichoona: yule sato, yule sangara, wale dagaa. "Chora hao," nikasema. "Hao hawana ukoo." Akacheka kidogo, puani.

Sokoni tulikuta wametungoja. Mwanamke wa vitenge, na dada zangu wawili wa ukoo. Mkubwa anavuta kiko, mdogo husikia anachotaka kusikia. Walikuwa wameketi nyuma ya meza, vijitabu vimefungwa kwa kamba. Hawakututolea kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu hata anayekuja kukudai hupewa. Nikajua mambo ni mazito.

Mwenye kiko akamtazama binti kutoka chini kwenda juu. "Huyu ndiye aliyemlisha?"

"Ndiye," nikasema.

"Mbona mwembamba? Nilidhani anayelisha watu mamba atakuwa na mashavu."

"Samahanini, waitu," binti akasema kwa heshima. "Sikujua."

"Wewe hukujua. Na yeye?" Akagonga kijitabu kwa kiko. "Yeye ana wazazi. Hakufundishwa?"

Hapo ndipo nilipoona kitu. Walikuwa hawamwulizi mchoraji. Walikuwa wanamwuliza Mkamwana, kama yuko hai, amejificha nyuma ya vitenge. Nikaketi vizuri. Mtu akimkasirikia mtu wa kuchorwa, amekwisha kumpokea nyumbani.

"Tunataka mapele," mdogo akasema. "Kwenye kitabu kinachofuata. Uso mzima."

"Na mikono," wa vitenge akasema. "Mikono ndiyo iliyoshika."

Binti akanyanyua kichwa. Nilidhani ataitika, maana Mwanza ilikuwa inamngoja na hao watatu ndio waliokuwa na ufunguo. Akasema, "Sichori mapele uso mzima."

"Nini?"

"Mkamwana hajawahi kushindwa na mtu. Nikimjaza mapele atakuwa mwingine. Wasomaji watamhurumia. Sitaki ahurumiwe."

"Shangazi," wa vitenge akaniambia, "huyu mtoto wenu ana mdomo."

"Ana pua pia," nikasema. "Ni yangu."

Mwenye kiko alivuta, akatoa moshi. "Aliyekula akijua na aliyekula asijue, mapele ni yale yale. Siyo mimi ninayeyaleta."

"Na dawa haipo?" binti akauliza.

"Ipo, kwa nini isiwepo."

"Ni ipi?"

"Mubirizi. Yale majani machungu. Unayachemsha, shangazi yake anamwosha."

"Hachemshi," mdogo akasema.

"Anachemsha."

"Mama hakuchemsha. Alichanganya na majivu ya maganda ya ndizi, akampaka yule kaka yetu aliyekula kwenye harusi."

"Yule hakupona."

"Alipona. Alikufa kwa kitu kingine."

"Siku hizi," wa vitenge akaingilia, "mtu anakwenda kuungama, basi."

Wote wawili wakamgeukia. "Kuungama samaki?" mwenye kiko akasema. "Padri atakupa sala gani? Padri mwenyewe anakula mamba."

Mambo yakawaka. Wateja wakasimama. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya akasema kwao shangazi hutafuna kahawa na kumpulizia mgonjwa kifuani, akaambiwa aende na ukoo wake huko. Binti alikuwa amekaa chini, amegeuza kijitabu kimoja, anachora nyuma yake. Sikumzuia. Alichora kiko, akachora mkono wa mwenye vitenge uliokuwa hewani, akachora dada mdogo alivyoziba sikio upande wa hoja zisizompendeza.

Mwenye kiko ndiye aliyeona kwanza. Akanyoosha mkono, akapewa. Akakisogeza karibu na macho.

"Mbona pua yangu umeipanua?"

"Sijaipanua, bibi. Nimeipunguza."

Dada yake akachungulia, akacheka mpaka akashika meza. Kicheko hicho kikafungua njia. Sinia ya kahawa ikatolewa chini ya vitenge, kumbe ilikuwapo muda wote.

Tukapatana hivi. Mkamwana apate pele. Moja. Wapi? Wao walitaka kwenye paji la uso, binti akataka kisigino ambako hakuna anayeona. Nikasema mimi: puani. Pua ni yangu, natoa ruhusa. Na kwa sababu wao hawakuelewana juu ya dawa, katika kitabu cha tatu mashangazi watatu watafika nyumbani kwa Mkamwana na kila mmoja na dawa yake, na wataigombania. Wa vitenge alisema cha pili atakiweka chini ya meza, si juu, mpaka cha tatu kije. Mimi nikaona inatosha.

Binti alikichora cha tatu hapa sebuleni, kahawa ikikauka nje. Mashangazi wanaingia na vibuyu, vifurushi na maneno. Wanamkalisha Mkamwana katikati, wanaanza kubishana. Kurasa zinapita. Mkamwana anapika, anawalisha, anatandika, wao wanabishana. Mwisho wanakumbuka kumtazama, na pele limekwisha kukauka lenyewe, hakuna ajuaye kwa dawa ipi, na kila mmoja anarudi kwake akiwa ameshinda. Nilivishona vyote nikicheka, nikajichoma kidole.

Muleba havikukaa. Na waliosoma cha tatu wakataka kujua pele lilitoka wapi, wakakiomba cha pili, kikatolewa chini ya meza kwa siri kama gongo. Wa vitenge anapenda siri. Alipiga simu kutaka vingine, na kuniambia kwamba mwenye kiko anatembea na nakala yake kwenye kanga, anawaonyesha watu kiko chake.

Lakini mwanangu hakuwa amesema kitu. Siku tuliyokunja mkeka wa mwisho wa kahawa, alikuwa Muleba kwa mjomba wake. Mjukuu wangu alikuwa amefunga sanduku kweli, lilikuwa karibu na mlango. Sikuligusa. Nilijua mwanangu hutimiza alichosema, kwa upande huu au ule.

Alirudi jua likiwa bado juu. Akaegesha pikipiki, akanawa mikono, akaja kuketi kibarazani.

"Mama, yuko wapi?"

"Ndani."

"Mwite."

Binti akatoka, vidole vina wino. Akasimama mbele ya baba yake.

"Chuo wamepiga simu," mwanangu akasema. "Wanataka kujua kama unakwenda."

"Ndiyo, Tata."

"Nilikuwa kwa mjomba. Pale wanapokunywa pombe ya lubisi walikuwa na kitabu chako. Wanaume wazima. Wamekaa na kibuyu, kitabu kiko katikati." Akajikuna shingo. "Mjomba anasema mmekosea."

Binti akaniangalia. Mimi nikaangalia migomba.

"Mubirizi hauchemshwi," mwanangu akasema. "Wala hauchanganywi na majivu. Unatwangwa mbichi. Na anayeosha si shangazi, ni mjomba. Mashangazi mmewaonea, mmewapa kazi isiyo yao. Mjomba amekasirika sana. Anauliza kwa nini kwenye kitabu kizima hakuna mjomba."

"Anaoshea wapi?" binti akauliza.

"Mlangoni. Mgonjwa yuko ndani, mjomba yuko nje."

"Amesimama au amekaa?"

"Amekaa kwenye kigoda. Hivi." Akavuta kigoda changu, akakaa, akanyoosha mikono mbele kama anayeshika kibuyu. "Mkono huu uko juu. Si hivyo, hivi."

"Usitikisike, Tata." Binti alikuwa amekwisha kuingia na kutoka, penseli mkononi. Akachuchumaa karibu na sanduku, akaweka karatasi juu yake.

Nikaacha apate mistari ya kwanza, kisha nikamwuliza mwanangu, "Na chuo?"

"Nitawaambia wampe mwingine hiyo nafasi," akasema, bila kugeuza shingo, maana alikuwa ameambiwa asitikisike.